Kuelea, Kuibuka na Kuibua: Istilahi za Mfuko wa Mzamiaji

Mzamiaji atakaye kupandisha nanga au kitu kingine kizito kutoka chini ya bahari hutumia mfuko wa kitambaa kigumu kisichopitisha hewa, aghalabu ulio wazi upande wa chini. Huufunga kwenye mzigo, akautia hewa ya mtungi, na hewa hiyo ikaubeba mzigo. Twapendekeza chombo hiki kiitwe mfuko wa kuibulia. Kuibua ni kukifanya kitu kiibuke, na kitenzi hiki tayari ni cha majini. Mfuko wa kunyanyulia waweza kudhaniwa kuwa ni wa makuli bandarini; na boya ni alama ya kuonyesha mahali.

Haja ya istilahi hizi si ya kubuni. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji walichimbua mabaki ya merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697. Kazi ya namna hiyo yataka maagizo ambayo kila mzamiaji ayaelewe kwa namna moja.

Hata hivyo, jina la mfuko si tatizo kubwa. Tatizo limo katika kitenzi kuelea. Miongozo ya kigeni humwagiza mzamiaji atie hewa hadi mzigo ufikie hali ya kutozama wala kupanda. Mfasiri mwenye haraka ataandika: "Tia hewa mpaka mzigo uelee." Sentensi ni fasaha, lakini ni ya hatari. Kwetu sisi kinachoelea kiko juu ya maji, kama dau. Ndiyo maana twasema vyaelea vimeundwa. Mzamiaji aliye katika kina cha mita 20 akiambiwa mzigo uelee, ataendelea kutia hewa mpaka auone ukiondoka, na hapo atakuwa amekwisha kuchelewa.

Sababu yake ni kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662: hewa ikipunguziwa kanieneo hutanuka. Katika kina cha mita 20 kanieneo ni karibu mara 3 ya ile ya juu ya maji. Katika mita 10 ni mara 2. Tuchukue nanga ya chuma ya kilo 50. Ndani ya bahari uzito wake hupungua hadi kilo 43 hivi, kwa kuwa maji yaliyosukumwa na chuma hicho huibeba kwa sehemu. Na maadamu lita moja ya hewa hubeba kilo moja na ushei, zatakiwa lita 42. Zikipanda hadi mita 10 lita hizo huwa 63, na zikifika juu huwa 126, iwapo mfuko una nafasi. Kwa hiyo kadiri mzigo unavyopanda ndivyo unavyozidi kwenda mbio. Ni salama zaidi kuchagua mfuko ambao ujazo wake hauzidi sana mahitaji ya mzigo, ili hewa ya ziada imwagikie mdomoni.

Basi twapendekeza kitenzi kusawazika: "Tia hewa kidogo kidogo mpaka mzigo usawazike, yaani usishuke wala usipande." Maelezo hayo ya mwisho yasiachwe, hata yakionekana kurefusha.

Vali iliyo juu ya mfuko tusiiite vali ya kutupia, kwa kufuata neno la kigeni. Msomaji atauliza kinatupwa nini. Vali ya kutolea hewa yatosha. Kamba yake huvutwa mara mzigo unapoanza kwenda kasi.

Kiunganishi na nacho kina mtego wake. "Panda na mfuko" chaweza kueleweka kuwa ni kuushika na kuchukuliwa nao. Iandikwe: "Panda kando ya mfuko, usijifunge nao, na ukizidi mwendo uuachilie." Mwendo wa kawaida wa mzamiaji hauzidi mita 9 au 10 kwa dakika. Akipanda kwa kasi ya mfuko, hewa iliyomo mapafuni mwake hutanuka kwa kanuni ile ile, na akizuia pumzi huyapasua.

Mfuko ukiibuka kwa kishindo huweza kupinduka, ukamwaga hewa, na nanga ikarudi ilikotoka. Kwa hiyo "jihadhari na mzigo" haitoshi, iandikwe "usikae chini ya mzigo wala juu yake."