UZI: Nani huamua digrii mpya ya dizaini ifunzwe au isifunzwe?

1. Kila msimu wa siasa kuna sentensi mbili hurudi. Ya kwanza: "Vyuo vikuu vinafunza kozi hazina kazi, zifutwe!" Ya pili: "Kozi mpya za vijana zinacheleweshwa, zipitishwe haraka!" Mara nyingi ni mtu yule yule anazisema zote mbili, kwa mkutano mmoja, na anapigiwa makofi mara mbili. Wacha nieleze jinsi digrii hupitishwa hapa Kenya. Nitatumia dizaini kama mfano: nembo na matangazo, mavazi, bidhaa, mapambo ya ndani ya nyumba, sura za programu za simu.

2. Kwanza hili liwe wazi. Si mbunge wala gavana anayepitisha kozi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliipa kazi hiyo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile tunaita CUE. Zamani haikuwa hivyo. Tume iliyotangulia, iliyoanzishwa 1985, ilikagua hasa vyuo vya kibinafsi. Chuo cha umma kilikuwa na sheria yake. Seneti yake ikipitisha kozi, imepita. Tangu 2012, cha umma na cha kibinafsi vyote vinapanga foleni moja.

3. Safari yenyewe iko hivi. Idara inatafiti kama kozi inahitajika. Inaandika mtaala na kuita wadau wautoe kasoro. Mtaala unapanda kwa kitivo, halafu seneti. Seneti ikikubali, chuo kinaupeleka kwa tume. Huko wataalamu wa fani hiyo, watu wa nje ya chuo, wanausoma kipengele kwa kipengele. Na karatasi pekee haitoshi: wanaangalia pia wahadhiri, maktaba, madarasa na vifaa. Kukiwa na pengo, chuo kinaambiwa kirekebishe. Na idhini si ya milele, manake mtaala unafaa kupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa.

4. Kazi yangu ni kuchora matangazo, na niliwahi kualikwa kama mdau kwa warsha ya mtaala wa aina hii. Kwa karatasi, ulipendeza kweli. Kisha mama mmoja wa biashara ya mavazi akauliza: "Cherehani mko nazo ngapi, na wanafunzi mnataka wangapi?" Chumba kikanyamaza. Hapo ndipo utajua ukaguzi wa kozi unahusu nini. Somo la historia, mhadhiri mmoja anaweza kusimama mbele ya watu 300 na likaeleweka. Dizaini haifunzwi hivyo. Mwalimu lazima aone kazi ya kila mwanafunzi, aikosoe, airudishe, aione tena. Inataka karakana, meza, mashine, kompyuta zenye nguvu, na walimu wengi kwa wanafunzi wachache. Ni kozi ghali. Kwa hivyo anayesema "zipitishwe haraka" bila kutaja bajeti, hajasema kitu.

5. Halafu kuna suala la walimu. Mfumo wetu unaipa PhD uzito mkubwa, na kwa fani nyingi hilo lina maana. Lakini dizaini ni fani ya mikono na macho. Marekani, kwa mfano, shahada ya uzamili ya sanaa inayoitwa MFA huhesabiwa kuwa kilele cha masomo ya karakana, na mwenye nayo anaweza kuwa profesa. Hapa, fundi wa miaka 20 ambaye kazi yake iko kwa kila rafu ya duka anaweza kukosa nafasi ya mhadhiri kwa sababu ya cheti. Kwa maoni yangu, kigezo kisishushwe, ila kazi halisi ihesabiwe pamoja na makaratasi. Mwingine atasema ukifungua mlango huo, kila mtu atajiita mtaalamu. Hoja yake pia ina uzito. Huu ndio mjadala tungetaka kusikia jukwaani, lakini wapi!

6. Kuna ugomvi mwingine ambao huusikii kwa mikutano: mlango mmoja, mabawabu wawili. Kwa fani kama uhandisi na usanifu majengo, mbali na tume kuna bodi ya taaluma inayosajili wahitimu. Je, bodi ikisema haiitambui kozi ambayo chuo kimeshaifunza? Hilo lilitokea. Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi walikataliwa usajili, si kwa kufeli mtihani, ila kwa sababu ya chuo walikosoma. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2018 mahakama ikasema haki zao zilikiukwa. Walishinda, ndiyo. Lakini miaka waliyokaa mahakamani wakingoja, nani atawarudishia?

7. Bunge lilijaribu kumaliza vuta nikuvute hiyo. Marekebisho ya 2016 yaliandika kwamba tume ndiyo pekee yenye mamlaka ya kuidhinisha kozi za vyuo vikuu, hata kama sheria nyingine inasema vingine. Bodi hazikufurahia, na mabishano yamefika kortini. Kila upande una hoja. Bodi zinasema: daraja likianguka, mtatuuliza sisi. Tume inasema: chuo hakiwezi kuwa na wakubwa kumi.

8. Sasa rudi kwa dizaini. Mchoraji wa nembo au mbunifu wa mavazi hahitaji leseni ya bodi yoyote ili afanye kazi. Faida: hakuna bawabu wa pili wa kumfungia mhitimu nje. Hasara: hakuna jicho la pili. Tume ikipitisha kozi dhaifu, au chuo kikianza kufunza kabla ya idhini, mwenye kugundua wa kwanza ni mwanafunzi, na anagundua akiwa ameshalipa karo.

9. Na ile ya "kozi hazina kazi"? Idhini haijawahi kuwa ahadi ya ajira. Inasema tu kwamba chuo kina uwezo wa kufunza kile kinachodai kufunza. Isitoshe, wabunifu wengi hawaajiriwi, wanajitafutia kazi moja moja. Ukihesabu barua za ajira peke yake utasema hawana kazi. Lakini angalia pakiti ya unga jikoni kwako, kuna mtu aliichora. Angalia bango la huyo anayesema kozi hii ifutwe, pamoja na fulana na kofia anazogawa. Hizo zilichorwa na nani?

10. Kwa nini tuongee haya sasa? Kwa sababu wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mmoja kati ya mikondo mitatu ya masomo yao ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mambo yakienda kama yalivyopangwa, watabisha hodi vyuoni 2029. Tumewaambia watoto kwamba kipaji ni njia kamili kama hesabu. Kozi ya miaka minne haiandikwi, haikaguliwi na hainunuliwi mashine kwa wiki mbili. Vyuo vinavyotaka kuwapokea vinafaa kuwa vimeanza.

11. Kwa hivyo ukipata maikrofoni kwa mkutano, usiulize "mtaleta kozi ngapi?" Uliza hivi: Tume imepewa wakaguzi na pesa za kutosha kukagua kwa wakati? Vyuo vya umma vitanunua vifaa kwa fungu lipi la bajeti? Chuo kikimfunza mtoto kozi isiyo na idhini, nani anamrudishia karo na miaka yake? Hilo la tatu ndilo kubwa. Mara nyingi utajibiwa kwa wimbo wa chama. Uliza tena.

12. Na kwa mzazi au mwanafunzi anayesoma hapa: usiamini bango la barabarani. Tume huweka kwa tovuti yake orodha ya kozi ilizoidhinisha kwa kila chuo. Tafuta jina kamili la digrii, neno kwa neno, kwa sababu "dizaini ya mitindo" iliyoidhinishwa haimaanishi "dizaini ya bidhaa" imeidhinishwa. Usipoiona, omba chuo kikuonyeshe barua ya idhini kabla hujalipa. Wakianza kuzungukazunguka, weka pesa yako mfukoni.