Johnny Bush: Mwimbaji aliyepokonywa sauti

Honky-tonk ni muziki wa country wa baa na kumbi za dansi, hasa Texas, Marekani: gitaa la umeme, fidla, na mdundo unaowazungusha watu ukumbini wawili wawili.

Johnny Bush, mzaliwa wa Houston mwaka 1935, aliwahi kupiga dramu katika bendi ya Ray Price. Mwaka 1972, wimbo wake Whiskey River ukiwa unapanda chati, sauti ilianza kumkwama kooni. Ilipita miaka sita kabla madaktari hawajautambua ugonjwa. Haukuwa woga. Ubongo hutuma ishara zisizo sahihi, na misuli ya nyuzi za sauti hujibana yenyewe. Wimbo ukabaki kwa rafiki yake Willie Nelson, aliyeufanya wa kufungulia maonyesho yake. Wengi hudhani ni wake.

Nafuu ilitokana na sumu: sindano za botulinum, zile zile za kuondoa makunyanzi usoni. Hulegeza misuli kwa miezi michache, kisha mtu hudungwa tena. Kwa sindano hizo na mazoezi ya sauti, Bush alirudi kwenye kumbi za Texas, akaimba hadi uzeeni. Alifariki Oktoba 2020, akiwa na miaka 85.