Pumziko la Ardhi Bariadi

Wasukuma wa Bariadi, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu, waliliacha shamba lililochoka lilale, wakatenga ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Majani yaliyooza yaliurudishia udongo rutuba. Pamba ilipoenea, plau ililima eneo kubwa zaidi, miti ikakatwa, na mapumziko yakafupishwa. Tena masalia ya pamba huchomwa ili kuua wadudu, na udongo hukosa mboji. Mradi wa HASHI, ulioanzishwa Shinyanga mwaka 1986, ulihuisha ngitili. Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kulitimiza agizo la Walawi 25 kwa kulaza shamba lote. Lakini aweza kurudisha samadi na kubadilisha mazao. Twahubirije pumziko la nchi tusipomwonyesha njia hiyo?