Mtandao wa Ofisi Ukikatika: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Katika ofisi nyingi ndogo za Uganda, iwe ya kituo cha polisi, ya shule au ya chama cha akiba na mikopo kambini, kazi zilizokuwa zikifanywa kwa daftari sasa hufanywa kwa kompyuta. Mtandao ukikatika, anayeumia si karani peke yake. Yuko mjane aliyelipa nauli kuja kuulizia akiba ya marehemu mumewe. Yuko pia askari ambaye lazima arudi kazini jioni ile ile bila kujua kama karo ya mtoto imefika shuleni. Kumwambia mtu kama huyo arudi kesho ni kumtia hasara ya pili.

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Waifai ni mawimbi ya redio baina ya kompyuta na ruta, yaani kile kisanduku chenye taa kinachogawa mtandao. Intaneti ni njia itokayo kwenye ruta kwenda nje. Ili kujua kasoro iko wapi, kompyuta moja na iunganishwe na ruta kwa kebo. Ikiwa kwa kebo kazi inakwenda vizuri, kasoro imo katika mawimbi. Ikiwa hata kwa kebo mtandao unakatika, kasoro imo katika ruta, katika umeme wake, au nje kabisa ya ofisi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilikatika, na huduma ikazorota Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Siku kama hiyo, kuzima na kuwasha ruta hakuleti faida.

Askari waliozoea simu ya upepo wanajua kwamba kilima kikiwa katikati, sauti hufifia. Waifai nayo ni hivyo hivyo. Ukuta wa zege, mabati, tangi la maji na kabati la chuma la mafaili huzuia mawimbi. Hata hivyo, mara nyingi ruta huonekana sakafuni, nyuma ya kabati hilo hilo. Yafaa iwekwe juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya ofisi.

Aidha, mawimbi ya gigahezi 2.4 hugombaniwa na majirani wengi, na hata jiko la maikrowevu huyavuruga. Katika masafa hayo, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Ichaguliwe ile yenye majirani wachache. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Hayo yanafaa kompyuta zilizo chumba kimoja na ruta.

Umeme nao usisahauliwe. Taa zote za ruta zikizimika kisha zikawaka tena, plagi imelegea au adapta imechoka. Adapta mpya iwe na volti zile zile zilizoandikwa kwenye ruta, na ampea zisizopungua.

Neno la siri likijulikana na kambi nzima, simu za vijana wanaotazama video zitamnyima karani nafasi. Libadilishwe, na wageni watengewe mtandao wao ikiwa ruta inaruhusu.

Hatimaye, liwekwe daftari dogo kando ya ruta. Kila mtandao unapokatika, iandikwe saa, hali ya taa, na kama ofisi nzima imeathirika au kompyuta moja tu. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo haitajulikana ni kipi kilicholeta nafuu. Baada ya juma moja, kurasa hizo zitamsaidia fundi kuliko malalamiko ya mwezi mzima, na mjane aliye kwenye benchi atahudumiwa siku ile ile aliyofika.