Usimalize doo kwa mawe ya tangi la samaki

Ushawahi kuona tangi la maji ya chumvi, samaki wa rangi wakipenya kwenye mawe na matumbawe, ukajiambia hii lazima uwe nayo kwa keja? Poa. Ila jua mapema: mawe yanaweza kukumaliza mfukoni, na ukikosea hapo samaki wako hawatamaliza mwezi.

Mawe hayo si urembo tu. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya vitundu vya mawe huishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kisha nitrati, ambayo ni nafuu. Kwa hivyo unachonunua hasa ni nyumba ya bakteria.

Mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe ndiyo ghali. Mawe makavu ya chokaa ni bei ya chini, na hayakuletei kaa na minyoo ambao hukuwaalika. Bakteria watahamia polepole.

Najua unawaza, "Si niende tu Watamu niokote?" Wacha kabisa! Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zimelindwa tangu 1968, na hutoi kitu humo. Mawe hayo ni makao ya samaki wadogo. Lakini Pwani ina mwamba wa matumbawe ya kale nchi kavu, kama uliojengewa Fort Jesus na nyumba za Lamu. Ongea na mwenye machimbo akuuzie vipande vilivyobaki, ambavyo havijaguswa na simiti wala oili.

Chagua hivi. Kwanza, libebe: jiwe kubwa lakini jepesi lina vitundu vingi. Pili, lidondoshee siki. Likitoa povu, ni chokaa. Tatu, likiwa na mistari ya kutu au madoa ya kijani ya shaba, lirudishe. Shaba huua kamba na matumbawe.

Usibebe lori zima. Tangi la lita 100 linatosheka na kilo 10 hadi 12, na mawe mepesi hata pungufu. Acha nafasi maji yapite katikati.

Ukifika nyumbani, sugua mawe, yaloweke na ubadilishe maji mara kadhaa. Yapange kwenye maji ya chumvi, tia chakula kidogo cha samaki kioze ili bakteria wapate amonia, kisha subiri. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Usiangalie kalenda tu, pima maji. Amonia na nitriti zikisoma sufuri, leta samaki mmoja, si kumi.

Na ile doo uliyookoa? Nunua vifaa vya kupima maji kwanza. Maji machafu na maji safi yanafanana kwa macho, mazee.