Ukiambiwa una zebaki mwilini, uliza ni zebaki ipi

Kijana wako amerudi Lalago kutoka machimboni. Mikono inamtetemeka na usiku hapati usingizi. Dada yake ni mjamzito na anapaka krimu ya kung'arisha uso. Nyumbani mnakula dagaa na sangara wa ziwani. Mtu akiwaambia "mna zebaki mwilini", mtaacha kipi?

Inategemea, kwa sababu zebaki ina sura zaidi ya moja na kila sura ina njia yake ya kuingia.

Ile nyeupe ya majimaji anayoshika mchimbaji, ukiimeza, tumbo halifyonzi karibu chochote. Iweke kwenye moto igeuke mvuke, na mapafu yatabaki na takribani asilimia 80 ya ulichovuta. Kutoka hapo hufika kwenye ubongo. Kwa hiyo anayechomea dhahabu jikoni anamvutisha hata mtoto aliyelala chumba cha pili. Sura nyingine ni chumvi za zebaki, zinazowekwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua. Hupita kwenye ngozi na kuumiza figo. Ya tatu ni zebaki ya methili. Bakteria huitengeneza kwenye tope la maji, kisha huingia kwa samaki, na samaki wakubwa wanaokula wenzao hubeba zaidi kuliko dagaa. Hii tumbo hufyonza karibu yote, na huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Ndiyo iliyowaumiza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956.

Kanda yetu ya Ziwa ina mfano wake. Daktari Masazumi Harada, aliyefuatilia wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi, alipima pamoja na wenzake nywele za wachimbaji, wavuvi na familia zao upande wa Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Baadhi ya watu walikutwa na zebaki nyingi mno. Ungedhani ni samaki. Lakini zebaki ya methili ilipopimwa peke yake, ilikuwa sehemu ndogo tu, na kilichoshukiwa kikawa sabuni yenye zebaki. Kwa kipimo cha jumla peke yake, familia ingewanyima watoto samaki na sabuni ingebaki bafuni.

Maabara hutenganishaje? Sampuli huyeyushwa taratibu, maana asidi kali na moto mwingi hugeuza sura zote kuwa moja. Kisha hupitishwa kwenye mrija mwembamba ambamo kila sura hutembea kwa mwendo wake. Zinatoka moja baada ya nyingine, na mashine inapima kila moja inapotoka. Kazi hii haifanyiki kwenye zahanati. Sampuli husafirishwa hadi maabara kubwa.

Aseniki nayo ni hivyo hivyo. Iliyomo kwenye samaki wa baharini kwa kawaida haidhuru, ila ile ya kwenye maji ya kisima ni sumu. Ukipimwa mkojo kwa aseniki, sema kama umekula samaki wa baharini siku chache zilizopita.

Kwa mvuke na chumvi za zebaki, tutakuomba mkojo. Kwa zebaki ya samaki, nywele au damu. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo zinaonyesha na miezi iliyopita.

Tuchague kipimo sahihi kwa kutegemea maelezo yako. Akina mama wengi hunitajia kwanza kazi ya mume; krimu huja mwishoni, kwa sauti ya chini, au haitajwi kabisa. Najua krimu za zebaki zimepigwa marufuku na unaogopa kugombezwa. Hatutakugombeza. Njoo na kopo lenyewe, hata kama limekwisha, maana mabaki ya pembeni yanaweza kutosha kupimwa.