2022: Mwaka Udongo Ulipopewa Heshima Yake

Machi 15, 2022 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo ndiyo kilele cha heshima duniani, imekwenda kwa Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso. Tangu tuzo hiyo ianze kutolewa mwaka 1979, hakuna Mwafrika aliyekuwa ameipata, wala mtu mweusi wa bara lolote lile. Na jengo lililomtambulisha Kéré kwa walimwengu si mnara wa vioo wala uwanja wa ndege. Ni shule ya msingi ya kijijini, imejengwa kwa udongo na kuezekwa kwa bati.

Kila Desemba magazeti makubwa ya usanifu huorodhesha majengo ya mwaka: makumbusho, maktaba, viwanja vya mpira, nyumba za matajiri zilizoning'inia kwenye miamba. Nimesoma orodha nyingi za namna hiyo na nyingi zimekwisha nitoka kichwani. Ya 2022 haijanitoka, kwa sababu mwaka ule mambo matatu manne yaliyotokea mbalimbali, Burkina Faso, Rwanda, Muscat na India, yalielekea upande mmoja. Nao upande huo unatuhusu sana sisi tunaojenga kwenye joto na kwa fedha za kudunduliza.

Tuanze na Kéré, maana habari yake ndiyo nzito.

Alizaliwa Gando mwaka 1965, mtoto wa kwanza wa chifu wa kijiji. Gando haikuwa na shule, kwa hiyo akiwa na miaka saba aliondoka nyumbani kwenda kusoma mjini Tenkodogo. Darasa alilolikuta huko lilikuwa na kiza na joto kali, na watoto zaidi ya 100 walibanana ndani yake. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanalijua darasa hilo, kama si la Tenkodogo basi la wilaya yao: bati limelala moja kwa moja juu ya ukuta, dirisha dogo, na ikifika saa sita mchana mwalimu na wanafunzi wote wanapigana na usingizi.

Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kwenda Berlin kujifunza useremala. Mchana akifanya kazi, usiku akisoma, hadi mwaka 1995 akapata nafasi ya kusomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Alihitimu mwaka 2004. Lakini hakungoja kuhitimu ndipo aanze kujenga. Mwaka 1998 alianzisha taasisi ya kuchangisha fedha kwa ajili ya shule ya kwao, na mwaka 2001 shule ikasimama, yeye mwenyewe akiwa bado mwanafunzi. Mwaka aliohitimu, shule hiyohiyo ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Wanakijiji hawakuupokea udongo kwa furaha. Walijua nyumba ya udongo inavyolika mvua ikinyesha, na kijana wao ametoka Ulaya. Walitarajia awaletee majengo ya Ulaya. Ilibidi awaeleze na kuwaonyesha. Udongo wa pale pale ulichanganywa na saruji kiasi, ukashindiliwa kwenye mashine ya mkono na kufyatuliwa matofali magumu yasiyohitaji kuchomwa wala kuni. Wanaume walijenga kuta. Wanawake walisimama kwa mistari wakaitwanga sakafu ya udongo kwa saa nyingi, kama walivyotwanga mama zao katika nyumba zao, kisha ikasuguliwa kwa mawe mpaka ikawa laini.

Ukitaka kujua kwa nini jengo hilo linasomwa vyuoni leo, angalia paa. Juu ya kuta kuna dari ya matofali ya udongo, yamepangwa yakiwa na nafasi za kupitisha hewa. Juu ya dari hiyo, kwa umbali wa kutosha mtu kuona mbingu katikati, limeelea bati pana lililotokeza nje sana kuzikinga kuta na mvua. Kinacholibeba bati ni kenchi zilizotengenezwa kwa nondo za kawaida za ujenzi, hizi hizi tunazonunua dukani, zikakatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea. Hakukuwa na winchi. Vijana wa kijiji walifundishwa kukata na kuchomelea, basi. Jua likilipiga bati, hewa iliyo chini yake hupata moto na kupeperushwa na upepo, nayo hewa ya moto ya darasani hufuata njia hiyohiyo kupitia dari, huku hewa iliyopoa ikiingia madirishani. Hakuna feni wala waya wa umeme. Shule ilianza na wanafunzi 120, baadaye wakafika 700.

Maktaba aliyoibuni kwa ajili ya shule hiyo ina jambo lililonigusa zaidi. Wanawake wa Gando walileta vyungu vyao vya kufinyanga. Vikakatwa juu na chini, vikapangwa kwenye dari kabla ya kumwaga zege. Kila chungu kikawa tundu la kuingiza mwanga na kutolea joto. Tunazungumza juu ya usanifu wa ndani kana kwamba ni habari ya makochi na mapazia tu. Dari ile ya vyungu ni usanifu wa ndani wa hali ya juu, na kila mama pale kijijini anaweza kumwonyesha mjukuu wake kilichotoka jikoni kwake.

Mtu atasema Burkina Faso ni mbali. Kéré amekwisha jenga kwetu pia. Kando ya Ziwa Turkana, nchini Kenya, kuna kampasi iliyokamilika mwaka 2021 ambako vijana wanafundishwa kazi za kompyuta na kidijitali. Turkana kuna joto na vumbi, na kompyuta hazipatani na vyote viwili. Kuta ni za mawe ya eneo hilohilo, na juu yake vimesimama vinara virefu vilivyoigwa kwenye vichuguu vya mchwa ambavyo mkazi wa huko anaviona kila siku. Hewa yenye ubaridi inaingia kwa chini, ya moto inapanda na kutokea juu kwenye vinara.

Mwaka huohuo wa 2022 Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani iliwapa tuzo yake ya kampuni wasanifu wa MASS Design Group, watu waliojipatia jina Rwanda. Hospitali yao ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011, ina kuta za mawe ya volkano ambayo wakulima wa kaskazini mwa Rwanda walikuwa wakiyaona kama kero shambani. Waashi wa Kinyarwanda waliyachonga na kuyapanga kwa ustadi hadi ukuta ukawa wa kutazamwa. Madirisha yamewekwa ili hewa ya wodini isituame, kwa kuwa katika hospitali nyingi mgonjwa huambukizwa kifua kikuu kwenye korido anaposubiri kutibiwa ugonjwa mwingine. Mapema mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilikamilisha kituo cha utafiti wa sokwe cha Dian Fossey kule Kinigi, na humo pia mawe ya volkano ndiyo yaliyoshika nafasi ya mbele.

Mwisho wa Oktoba wasanifu wakakusanyika Muscat, Oman, kwenye hafla ya Tuzo ya Aga Khan ya mwaka ule. Washindi walikuwa sita. Mmoja ni Shule ya Sekondari ya Kamanar, huko Thionck Essyl, Senegal, ambayo madarasa yake ni matao ya udongo yaliyojengwa na wenyeji na kupangwa katikati ya miti iliyokuwepo, bila kuiondoa. Mwingine ni nyumba ya wageni mjini Tripoli, Lebanon, sehemu ya viwanja vya maonyesho vilivyobuniwa na Oscar Niemeyer wa Brazil katika miaka ya 1960. Vita vya 1975 vilisimamisha ujenzi na majengo yakaachwa kwa miongo. Wasanifu waliopewa nyumba hiyo hawakubomoa kitu. Waliweka ndani yake karakana na ukumbi wa mafundi seremala wa mji huo, na kazi yote wakaifanya kwa namna ambayo inaweza kuondolewa kesho bila kuliumiza jengo la asili. Nalitaja hili kwa makusudi. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar tuna majengo mengi ya miaka hiyohiyo ya 1960 na 1970, na swali linaloulizwa mara nyingi ni lini yatabomolewa, si nini kinaweza kuingia ndani.

Tofauti yake ilionekana Tokyo. Aprili 2022 walianza kuubomoa mnara wa Nakagin, kazi ya Kisho Kurokawa iliyokamilika mwaka 1972. Ulikuwa na vyumba 140 mfano wa masanduku, kila kimoja kama meta 10 za mraba na dirisha la duara, vimefungwa kwa boliti kwenye nguzo mbili. Mpango ulikuwa vyumba hivyo vibadilishwe kila baada ya miaka 25. Havikubadilishwa hata mara moja. Baadhi viliokolewa na kupelekwa kwenye makumbusho. Lilikuwa jengo la ujasiri mkubwa na ninalisikitikia, ila matengenezo yake yalihitaji kiwanda, na ukuta wa Gando unahitaji fundi mmoja wa kijijini na ndoo ya udongo.

Kuna mzee mmoja wa kukumbuka katika mwaka huo, Balkrishna Doshi wa India. Mwaka 2022 alipokea Medali ya Dhahabu ya Kifalme ya wasanifu wa Uingereza, akiwa ameingia miaka ya tisini. Januari 2023 akafariki. Doshi alifanya kazi na Le Corbusier mjini Paris, kisha na Louis Kahn huko Ahmedabad, lakini kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote ni mtaa wa Aranya, mjini Indore, uliojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Familia maskini kabisa haikupewa nyumba iliyokamilika. Ilipewa kiwanja, msingi, choo na bomba la maji. Mengine ilijenga yenyewe kadiri fedha zilivyopatikana, chumba kwa chumba, ghorofa juu ya ghorofa. Aranya ni makazi ya watu zaidi ya 80,000.

Msomaji wa Kigamboni au Kitengela hahitaji kufafanuliwa utaratibu huo. Ndivyo tunavyojenga. Msingi mwaka huu, kuta mwakani, lenta ikipatikana bonasi, boma likae misimu mitatu likingoja bati. Serikali zetu na mabenki huutazama utaratibu huu kama dalili ya umaskini. Doshi aliutazama kama nguvu ya watu na akaupangia barabara, maji na mifereji tangu mwanzo. Hapo ndipo tulipokosea kwenye mipango miji: watu wanajenga kwanza, bomba linawafuata baada ya miaka 20.

Maarifa haya yote si mageni pwani. Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe zinazochelewesha joto, uchochoro mwembamba unaotupa kivuli mtaa mzima, ua wa ndani wa kupumulia. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana ulipimwa na urefu wa boriti ya mkoko. Na wakati wa zege ulipofika, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, aliliinua paa la Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970 kama miavuli mikubwa ya zege, hewa ipite kati yake na maji ya mvua yakusanywe. Soko hilo liliungua Julai 2021, ukarabati ukafuata. Watu wengi walilia mali zao, na ilikuwa haki yao. Wachache walimtaja aliyelibuni.

Leo tunajenga vipi? Vioo vipana vya aluminiamu vinavyotazama jua la magharibi, bati limelazwa chini, jipsamu imeziba kila upenyo, kisha kiyoyozi kinapewa kazi ya kurekebisha. Tofali la udongo na saruji la kufungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelitangaza Tanzania kwa miaka mingi, bado linaonwa na wengi kuwa la asiye na uwezo. Sikubali. Tofali lililompa mtu Pritzker haliwezi kuwa la kuonea aibu Chanika au Kisauni. Wanaostahili kuanza ni wenye fedha za umma: shule, zahanati na ofisi za kata zikijengwa kwa tofali hilo na paa lililoinuliwa, mwananchi ataingia ndani mchana na kupima mwenyewe.

Nawe msomaji, kama boma lako halijaezekwa, kaa na fundi wako kabla hajapandisha kenchi. Mwambie aache nafasi ya hewa kati ya dari na bati, na matundu ya kuitoa pande zote mbili, yenye wavu wa kuzuia popo. Mwambie bati litokeze nje ya ukuta zaidi ya alivyozoea. Madirisha yakabiliane, moja liingize upepo na jingine liutoe, na upande wa magharibi yawe madogo. Kama kuna mti kiwanjani, msiukate.